Nyumba Isiyo na Msingi

Jumapili, 2 Machi

...na ndiyo maana bado nasema nyumba isiyo na dirisha ni stoo, hata ikiwekwa juu ya magurudumu. Modest alicheka mpaka akaegemea mlango. Anasema la kwanza ni wepesi, la pili uimara, la tatu starehe, na dirisha liko kwenye starehe, kwa hiyo lisubiri zamu yake. Nikamwambia mimi nimeolewa mwezi wa kwanza tu, zamu ya starehe ndiyo hii. Akanitazama kwa yale macho yake, nikasahau tulikuwa tunabishania nini.

Ngoja niandike vizuri, ili nikizeeka nisome na kuelewa. Mume wangu anauza dawa za mifugo kwenye minada ya Hanang: Endasak, Bassotu, Katesh. Anashuka na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, kila Jumatatu, anarudi hapa Bashay mwisho wa wiki, na huko chini analala amejikunja kwenye kiti cha dereva kama paka. Mimi nabaki kwa mama mkwe. Kila mtu humwita Mama Joakimu, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Chumba chetu tumegawana na magunia ya mahindi, na ukuta ni wa mbao. Yeye akikohoa tunasikia, sisi tukicheka anasikia.

Kujenga hatuwezi. Kwa ukoo wao mdogo haweki msingi kabla ya mkubwa wake, na huyo Joakimu alikwenda Mererani machimboni kabla sijamjua Modest, hajajenga hata banda la mbuzi. Ndipo mume wangu akaona karavani kwenye simu: nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ina kitanda na meza ya kukunja. Haina msingi. Ikiwa hapa itakaa uwanjani, akishuka Hanang tutashuka wote. Kuna mwanamke mwingine aliyejaliwa mume mwenye akili za namna hii? Sidhani.

Jumanne, 4 Machi

Nimepalilia maharage. Mvua bado. Nimemkumbuka Modest hadi shambani.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumekwenda Mbulu mjini kwa fundi Renatus, anayechomelea mageti. Alikuwa na karavani moja tayari, aliyomtengenezea mfanyabiashara ambaye hakurudi kuichukua. Chuma kitupu, juu hadi chini. Renatus akaipiga teke kuonyesha uimara, akachechemea kidogo lakini akaendelea kuisifu. Alisema hata ikibingirika mlimani, sisi ndani tutaamka tu na kuuliza kumekucha.

Ndani palikuwa na giza na joto la oveni. Nilikaa kwenye kitanda cha chuma nikajaribu kuona maisha yetu humo. Nilituona kama mikate.

Modest akaifunga nyuma ya kirikuu tuijaribu. Kwenye tambarare ilikwenda. Kwenye mwinuko gari likaanza kulia, likanuka klachi, likasimama, kisha taratibu likaanza kurudi nyuma na mume wangu ndani. Watu waliokuwa wanapita ndio waliokimbia kuweka mawe chini ya tairi. Bibi mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akaniambia kwa upole, "Binti, mwambie mumeo kanisa halivutwi. Watu ndio wanalifuata."

Renatus anasema nyumba haina kosa, gari ndilo dogo. Modest akaifungua kwenye gari, tukaondoka. Nikaishika mikono yake njia nzima mpaka nyumbani, mmoja baada ya mwingine, maana mwingine ulikuwa kwenye usukani.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimependa, na leo hiyohiyo nimelia.

Kwetu Tlawi, kwa mwalimu mstaafu Tomaso, kuna karavani nyeupe iliyoachwa na wazungu wazee, mke na mume, waliokuwa wanazunguka nchi za watu hadi gari lao likafia hapo. Wakamwachia mwalimu nyumba, wakarudi kwao kwa ndege. Kuku wake wanatagia kwenye sinki. Lakini ukiwatoa kuku! Dirisha refu la kusukuma, meza inayokunjwa ikawa kitanda, vikabati vya juu, ndoano ndogo ya kutundika kofia. Niliwaona wale wazee humo, bibi anakata mkate, babu anatazama mvua. Nikatuona na sisi.

Modest aliinua mdomo wake wa mbele kwa mkono mmoja. Nyepesi kama kitanda. Nikaanza kupanga rangi ya pazia kwa sauti.

Kisha akapiga magoti, akabonyeza ukuta chini ya dirisha kwa kidole gumba. Kidole kikazama chote, kama kwenye ugali wa moto. Akabonyeza kwingine, kikazama. Sakafu upande wa kitanda ilikuwa imeoza, imebaki zulia tu. Mwalimu Tomaso alianza kuwatazama kuku wake kwa makini sana.

Kumbe iliyo imara haivutiki, na inayovutika haikai. Niliingia kwenye gari nikalia kama mtoto. Modest alibaki kule muda mrefu. Aliporudi alikuwa na matope magotini na alikuwa anatabasamu. Amekubaliana na mwalimu tuchukue vya chini na vya ndani: ekseli na springi zake, ambazo ni nzima kabisa, meza, vikabati, na dirisha. Renatus ataunganisha bodi mpya juu yake, bomba nyembamba za mraba na bati za alumini, sakafu ya plaiwudi ngumu iliyopakwa lami chini.

"Dirisha nimelitaja la kwanza," akaniambia.

Mungu, nilikufanyia nini kizuri hata ukanipa huyu?

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Jana vumbi, leo tope. Mama amekinga maji kwa masufuria yote, hata langu jipya la harusini.

Jumatatu, 24 Machi

Baba mkubwa Akonaay amekuja asubuhi, kabla Modest hajashuka mnadani. Ndiye kaka wa marehemu baba yake Modest, na neno lake ndilo la mwisho kwenye ukoo. Tulimsalimia shikamoo, akakaa, akanywa togwa, akaongea kuhusu ng'ombe wa watu wengine kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza Modest habari ya kile kitu cha kwa Renatus.

Modest alieleza vizuri. Hakina msingi, hakina nguzo iliyozama ardhini, ni trela. Mama Joakimu alikuwa anachambua maharage mlangoni. Bila kuinua kichwa alisema nyumba ni nyumba, hata ikiwa na miguu.

Baba mkubwa alicheka. Akasema kitu chenye tairi tutakihesabu gari. "Lakini kitembee," akaongeza. "Siku kikikaa mpaka kikaota mizizi, hiyo ni nyumba, na mimi sitakuwa na la kusema."

Mama akainuka na ungo wake akaingia ndani. Niseme ukweli wangu hapa ambapo hakuna anayesoma: nilimwona mwanamke mgumu. Ana mtoto mmoja mkononi, anamzuilia kwa ajili ya yule asiyekumbuka hata kumnunulia kanga. Nilipika chakula cha usiku bila kuimba, ili ajue.

Jumapili, 30 Machi

IMEFIKA.

Sijui nianzie wapi. Ina rangi ya fedha kama kifuniko cha sufuria. Kirikuu kiliivuta kutoka mjini hadi hapa, mwinuko wote, bila kulia. Watoto waliikimbilia kuanzia kwenye kinu. Jirani yetu Yohanes akauliza tunaanza kukaanga chipsi lini.

Dirisha linatazama mashariki. Pazia ni kitenge cha njano nilichopewa na shangazi. Meza ukiikunja unapata kitanda, na godoro linaenea sawasawa, kama lilijua. Tumeiweka upande wa kulia wa uwanja, chini kidogo ya nyumba ya mama, pale penye udongo mweusi na majani laini. Mimi ndiye niliyechagua pale. Ukifungua dirisha unaona bonde lote.

Mama alikuja, akasimama nje. Nikamkaribisha mara mbili. Alishika bati kwa kiganja, akasema limetengenezwa vizuri, akarudi kwake.

Jumatatu, 31 Machi

Asubuhi ya kwanza. Mvua juu ya alumini inapiga kama mikono mingi inayoshangilia. Modest amesema hatupeleki karavani wiki hii, njia ya kushuka imekuwa sabuni, akikanyaga breki itamsukuma korongoni. Wiki hii moja tu, kasema. Ameondoka na kirikuu peke yake. Nimepunga mkono dirishani. Nina dirisha la kupungia mkono!

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Modest hakurudi. Alinipigia akiwa Bassotu, mtandao ukikatikakatika. Korongo limechukua barabara, malori yamepanga foleni pande zote mbili. Alisema ananipenda, au alisema ananisikia. Nimechagua la kwanza.

Jumatano, 9 Aprili

Leo kufungua mlango nimelazimika kusukuma kwa bega. Nilitoka nikatazama: ngazi ya kupandia imelala juu ya matope, na tairi zimebaki nusu. Nikaenda na jembe nikachimba kuzunguka tairi moja. Ninachokichota upande huu kinarudi upande ule. Nimelowa mpaka ndani ya mifupa. Simu haina mtandao.

Nitasubiri jua.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna jua, na leo limetokea jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo.

Tairi hazionekani tena. Karavani imekaa juu ya ardhi kama imemwagwa pale, na udongo umepanda kwenye kuta hadi unaweza kufikiri ina msingi. Asubuhi akaja mke wa Yohanes, anaitwa Jenifa, na kibuyu cha maziwa. Akanikumbatia akasema hongera kwa nyumba, nyumba imekaa, mjae watoto. Nilifurahi. Nakiri nilifurahi, nilipokea kibuyu kwa mikono miwili.

Kisha akavuka uwanja akaenda kwa mama. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona anainama, anamshika mama mikono yote miwili, na kwa sauti ile tunayoingia nayo msibani akasema, "Pole, Mama Joakimu. Mungu amlaze mahali pema."

Nilidhani sijasikia vizuri. Lakini nyuma yake wakaja wengine, wawili watatu kwa wakati, kama watu wanaotoka kanisani. Kwangu hongera, kwake pole. Mzee mmoja alileta kuku, akanipa mimi, akavua kofia, akaenda kukaa kimya kwenye benchi la mama. Hakuna aliyekuwa mbaya. Walikuwa watu wazuri wanaofanya inavyotakiwa. Mdogo amejenga. Kama mdogo amejenga, basi familia imekubali kwamba mkubwa hayupo tena.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa, nimesimama na kuku wa mtu mkononi.

Hii miezi yote nilidhani ni ukaidi. Nilidhani anatupimia nani mkubwa nani mdogo. Kumbe kiwanja kitupu ndicho kilichokuwa kinamwambia mwanawe yu hai.

Nilikimbia pale mlangoni nikawaambia wageni kwamba si nyumba, ni gari, limekwama tu, tairi zipo, zipo chini, njooni niwaonyeshe. Walinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mfiwa anayekataa. Yule mzee akasema, "Sawa, binti. Tumeona."

Mama hakulia. Aliwashukuru mmoja mmoja, akawapikia chai, akatumia sukari yote. Walipoondoka alifunga mlango. Nilibisha, nikasema shikamoo mama kupitia mlangoni, nikasema nisamehe. Aliitikia marahaba. Hakufungua.

Nilipanda hadi kwenye jiwe lile linaloshika mtandao nikampigia Modest mpaka chaji ikaisha. Nini ningemwambia? Nimemzika kaka yako kwa sababu nilitaka kuona bonde.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Hatukwenda kanisani.

Alfajiri nilisikia jembe. Nilifungua dirisha nikamwona mama mkwe amepiga magoti kwenye matope, gauni la kanisani limekunjwa kiunoni, anachimba tairi ya kushoto. Si kwa hasira. Anachimba kama anavyochimba viazi, anapapasa kwanza asikate.

Nilitoka bila viatu. Nikachukua jembe la pili nikashika tairi ya kulia. Tulichimba mpaka jua lilipojaribu kutoka. Udongo ulirudi, tukautoa, ukarudi. Akanionyesha nilete mabua ya mahindi na mawe ya kwenye boma la zamani la ng'ombe, tukayashindilia pembeni ili tope lisirudi. Kufikia mchana mpira wa tairi ulionekana, mweusi, kipande kama cha kiganja. Akaufuta kwa upindo wa gauni. Akakaa chini.

"Sasa mtu akipita ataona," akasema.

Nikamwambia mama, kama ningejua. Akasema Modest alijua, na mimi si wa kulaumiwa kwa kilichonyamaziwa. Kisha akauliza kama lile dirisha linaingiza maji. Nikasema kidogo, kona ya juu. Akasema atanipa nta.

Haikutoka. Wanawake wawili hawawezi kuinua ile karavani, hata kama ni nyepesi kuliko zote. Lakini haizami tena.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Modest amefika kwa miguu, kirikuu kipo ng'ambo ya korongo. Amekonda. Nilimrukia shingoni mbele za watu na sijutii.

Alizunguka karavani akaona mashimo, mabua, mawe. Nikamweleza yote. Alikaa kwenye kitanda chetu, akatazama mikono yake. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Mimi niliacha kumpigia kaka tangu mwaka juzi," akasema. "Mama bado ananiomba nimpigie. Naenda nyuma ya nyumba, nakaa, narudi namwambia haipatikani."

Kumbe lile wazo nililoliimba kote, la nyumba isiyo na msingi, halikuwa ujanja wa kuukwepa ukoo. Alitaka tuwe na pa kulala bila mama yake kuambiwa jambo ambalo yeye mwenyewe anaamini, kwamba kaka hayupo tena. Mume wangu mwenye akili. Nilimshika kichwa. Kisha nikafunga pazia.

Hatumwambii mama. Au anajua. Sijui lipi ni baya zaidi, na sina uwezo juu ya lolote.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Imetoka. Yohanes alileta maksai wake na wengine wakaleta kamba. Mara ya kwanza kamba ilikatika, mara ya pili ekseli ililia vibaya nikadhani ndiyo basi, mara ya tatu matope yakaachia kwa sauti ambayo watoto wameiiga siku nzima. Springi nzima, sakafu nzima, kikabati kimoja kimefunguka mdomo. Uimara upo kweli, nitamwambia Renatus.

Mama hakuangalia karavani. Aliangalia mahali ilipokuwa. Watu wakiwa bado wanajipangusa, yeye alishachukua reki na kuanza kusawazisha.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Jenifa kurudisha kibuyu. Nikamwambia shemeji yangu yuko Mererani. Akasema sawa, nimsalimie.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imepungua, barabara imepitika, kirikuu kimevuka. Kesho tunashuka Hanang na karavani, kama nilivyoota. Ni mama aliyesema twende. Alisema kitu cha tairi kitembee, na kwamba mke hatunzwi kama mbegu ghalani.

Mchana nilimsaidia kufua. Nilimwomba aje nasi, hata kwa mnada mmoja, kitanda kitatosha, Modest atalala kwenye gari kama zamani. Alicheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Akauliza, na mtu akija hapa akakuta kufuli? Alisema bila huzuni, kama mtu anayesema nani atafungia kuku.

Jioni alinipa nta ya nyuki kwa ajili ya kona ya dirisha, na mahindi ya kuchoma njiani. Tukasimama pale uwanjani. Majani yameanza kuota tena pale mahali, mabichi kuliko ya kando. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutakuja kumwona mwezi ujao.

Alinishika mkono.

"Usiseme mwezi ujao, mwanangu. Mwezi ujao ni neno la Joakimu. Ndilo aliloniambia mara ya mwisho, na mpaka leo ndilo analosema."

Nilitazama barabara, nikamtafuta Modest kwa macho anisaidie, alikuwa amelala chini ya gari anakaza nati. Hakukuwa na mtu wa kunisaidia. Siwezi kumrudisha Joakimu, siwezi kumfanya asingoje, na kesho nitakuwa na furaha ambayo yeye ataiona ikiondoka.

Kwa hiyo nimemwambia, na ninaandika hapa ili nisije nikaligeuza neno langu: mvua inyeshe isinyeshe, na karavani au kwa miguu, mama, tutakuja kukuona kabla mwezi huu haujaisha.